Mjukuu Niliyempima Mwenyewe

Mimi ndiye niliyemtoa mjukuu wangu shuleni. Kijijini wapo wanaosema ni mwalimu mkuu, wapo wanaosema ni sheria za serikali. Yeye mwenyewe hajawahi kusema. Ninaandika ili mtu akiuliza, jibu liwepo.

Sikusoma sana. Nilipokuwa msichana baba alimpeleka kaka yangu kwa wamisionari, mimi nikapelekwa kuchunga ng'ombe, na miaka michache baadaye ng'ombe wengine wakaletwa nyumbani kwa ajili yangu. Kusoma na kuandika nilijifunza nikiwa mama wa watoto wanne, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, ndani ya ghala la pamba, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni. Lakini kijijini hawakunijua kwa kusoma, walinijua kwa ukunga. Nilizalisha wanawake wa upande huu wa ziwa, ambako watu huvuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda mjini, tangu kabla sijaota mvi. Kisha zahanati walituita sisi wakunga kwenye mafunzo ya siku chache, wakanipa kisanduku chenye nyembe, uzi na sabuni. Baada ya hapo nilitembea kijijini kama mtu mwenye cheo.

Ni kwa ajili ya cheo hicho mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwangu. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa mjini, magari ya barafu yanateremka mpaka ufukweni kuchukua sangara, na vijana ambao juzi walikuwa wanaomba chumvi sasa wana redio na viatu vya ngozi. Sisi tulibaki na mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Wasichana wa shule walikuwa wanapata mimba. Mwalimu mkuu alikaa kwenye kigoda, akanywa uji wangu, akasema:

"Bibi, shule yangu inaaibika. Mabinti wanakuja na matumbo darasani, sisi hatuna macho ya kuyaona. Wewe una mikono. Nisaidie."

Nikamsaidia. Kila muhula, mara moja, wasichana kuanzia darasa la tano walipangwa mstari nyuma ya ofisi ya walimu. Nilikaa kwenye kiti, wanapita mmoja mmoja, ninabonyeza tumbo juu ya sare, ninauliza kuhusu mwezi wake, ninasema "pita" au ninasema "kaa hapo." Wavulana wakati huo walikuwa wanacheza mpira. Sikuona ajabu. Ninaandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli: sikuona ajabu hata kidogo.

Kabla ya siku ninayotaka kuieleza nilikuwa nimewakamata watatu, na wote watatu walijifungua. Hapo watu wakasema mkono wangu haukosei, na mimi nikaamini. Wasichana wale walifukuzwa. Wa tatu, aliyempa mimba alikuwa mnunuzi wa samaki, kijiji kizima kinamjua. Aliendelea kuja na gari lake kila wiki. Hata mimi aliwahi kunipa lifti, nikapanda mbele, nikamshukuru.

Sasa huyu mjukuu. Ni mtoto wa mwanangu wa kiume. Mama yake alifariki yeye akiwa wa kutambaa. Kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi mwanangu kilipofungwa, alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, akawa anatuma salamu kuliko kitu kingine. Mtoto nikamlea mimi, na sikumlea kwa kubembeleza. Alikuwa na akili. Kuanzia darasa la nne hakuna aliyemtangulia. Hesabu alizifanya kichwani akiwa anapepeta dagaa, na barua za majirani ndiye aliyezisoma na kuzijibu, kwa sababu mimi nilisoma pole pole mpaka mwenye barua anachoka. Mwalimu wake wa darasa aliniambia, "Bibi, huyu ana akili za kiume." Nikalipokea neno hilo kama zawadi. Nililibeba mpaka kwa jirani zangu wote.

Alitaka kwenda sekondari, halafu chuo cha ualimu kule Butimba. Alikuwa ameliona geti lake siku moja tulipovuka kwenda kumwona mgonjwa, akasimama pale mpaka nikamvuta mkono. Na ili afike huko palikuwa na mlango mmoja tu, mtihani wa darasa la saba, mwezi wa tisa.

Alipofika darasa hilo akaanza kukonda. Anakula matonge mawili ya ugali anasema ameshiba. Akitoka shule analala. Nilisema ni uvivu, kisha nikasema ni mawazo ya mtihani. Kitu kimoja nilikijua na sikukifikiria: wasichana wa darasa la saba ndio waliochota maji ya nyumba za walimu, kila asubuhi kabla ya kengele, ziwani. Magugu maji yalikuwa yamekwisha kuufunga ufuko wetu, kijani kama shamba, na ili kupata maji safi mtoto alitakiwa aingie mpaka mapajani, ayasukume magugu, achote. Wavulana walifyeka majani ya uwanja, siku moja kwa wiki, tena nchi kavu.

Siku ya kupima ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Walipita kumi na kitu, wote salama. Alipofika yeye, mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama na daftari alicheka.

"Huyu ruka, Bibi. Mjukuu wako tunamjua. Hana hata muda wa kutazama juu."

Hilo alilisema mwalimu, na ningemsikiliza. Lakini nyuma yake walikuwa wasichana wengine, na mmoja alikuwa mdogo wake yule niliyemkamata muhula uliopita. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikasema:

"Hakuna kuruka mtu. Leo nikimruka wangu, kesho mtasema napendelea. Njoo hapa."

Akaja. Nikabonyeza. Mkono ukakutana na kitu kigumu, kimejaa, kimefika usawa wa kitovu. Nikabonyeza tena.

"Mwezi wako umeuona lini?"

"Sijauona, Bibi. Niliuona mara mbili, mwaka jana. Ukaacha."

"Umeacha. Na hukusema."

"Nilidhani..." Akatazama wenzake. "Bibi, mimi sijafanya kitu chochote."

"Mkono wangu haudanganywi. Kaa hapo."

"Bibi, naapa."

"Kaa hapo!"

Mwalimu mkuu alifunga daftari, akafungua tena. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Una hakika?" Nikamwambia, miezi minne, labda mitano. Ofisini akaniletea karatasi ya taarifa. Watatu wa mwanzo aliwaandikia mwenyewe, lakini kwa huyu, kwa sababu ni wangu, akataka niweke sahihi yangu. Nikaiweka. Jina langu lote, bila kukosea herufi. Tangu nijue kuandika, ile ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza ya ofisi kuwa na jina langu kwa mkono wangu.

Nyumbani nilimchapa. Nilitaka jina la mwanamume. Siku ya kwanza alisema hakuna. Siku ya pili alisema hakuna. Nilimnyima chakula, naye chakula alikuwa hakitaki, kwa hiyo adhabu hiyo haikumfika. Siku ya tatu asubuhi alikuja akapiga magoti mbele yangu, macho makavu, akasema jina.

Alitaja kijana mvuvi aliyezama ziwani wiki sita kabla ya hapo. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Tulikuwa tumemlilia kijiji kizima.

Nikasema, basi, angalau tumejua. Nikakusanya nguvu, nikaenda kwa mama wa marehemu, kwa sababu ndiyo desturi, mimba haifichwi kwa wenye mtoto. Nilitegemea matusi. Yule mama, mjane, aliyekuwa na mtoto huyo mmoja tu wa kiume, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanguka kwenye mkeka akapiga kigelegele, peke yake, na machozi yanamtoka.

"Hakuniacha mikono mitupu," akasema. "Hakuniacha."

Kesho yake alikuja na unga, jogoo na kanga mpya mbili. Akamwita mjukuu wangu mkwe. Akawa anakuja kila siku na uji wa maziwa, anakaa naye nje. Namsikia:

"Kunywa, mkwe wangu. Mwenzako alikuwa anapenda uji wa namna hii hii. Usipokunywa wewe, unamnyima yeye."

Mtoto anakunywa, anatazama chini. Nilidhani ni aibu ya kosa. Siku moja alimwambia, "Mama, usiniletee tena, tafadhali," yule mama akamcheka, akasema wajawazito wote wana gubu.

Mimi sikuwa na mpango wa kumpeleka kliniki. Ningemzalisha mwenyewe. Mama wa marehemu ndiye aliyekataa. Alisema mjukuu wake wa pekee hatazaliwa bila kadi, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa tukamchukua tukaenda zahanati, watatu, yeye amemshika mkono kama anamshika yai.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo kutoka Mara, mtu wa maneno machache. Alimlaza kitandani, akabonyeza chini ya kitovu. Akapanda juu, akaingiza vidole chini ya mbavu za kushoto. Mtoto akaruka kwa maumivu.

"Nani aliyesema huyu ana mimba?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe si mkunga? Si nilikuona kwenye mafunzo?"

"Ndiye mimi."

"Mayu, mama yangu, kizazi hupanda kutoka chini. Hiki kimeshuka kutoka juu. Hii ni bandama. Hata pale chini mimba inapokaa ni patupu." Akamgeukia mtoto. "Unaoga ziwani?"

"Nachota maji ya walimu, shikamoo." Alichanganyikiwa, akaweka shikamoo mwishoni.

"Marahaba. Unaingia kwenye magugu?"

"Ndiyo."

"Choo kina damu?"

Akanitazama mimi kwanza ndipo akajibu. "Siku nyingi."

Muuguzi akasema ni kichocho cha tumbo, konokono wa kwenye magugu ndio wanaokitunza, na kimekwisha kufika ini na bandama. Akasema mtoto mgonjwa hivyo mwezi wake unaweza kukata, ni mwili unabana matumizi. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali mjini kwa dawa.

Sasa niseme kitu ambacho ni kigumu. Alichosema muuguzi nilikuwa nakijua. Nimeshika matumbo kwa miaka mingi, ninajua mtoto anatokea wapi. Kama angekuwa mwanamke ameniita usiku kwa uchungu, nisingekosea. Lakini pale nyuma ya ofisi nilikwenda kutafuta mwenye kosa, na nikikaa kwenye kile kiti kila kigumu nilichokigusa kilikuwa kosa.

Nje, nilimuuliza mtoto, "Kwa nini ulimtaja marehemu?"

"Ulitaka jina, Bibi. Nikatafuta mtu ambaye hamtaweza kumpiga."

Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, amesikia yote. Hakumgombeza mtoto. Hakumgombeza mtu. Alikaa pale mpaka kivuli cha paa kikamhama, kisha akasema, "Mwanangu nilimzika bila mwili. Leo namzika tena bila mwili." Akainuka akaenda zake. Kanga hakuzidai, na mjukuu wangu hakuzivaa.

Siku saba zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani. Nilikwenda shuleni hapo hapo, vumbi la njia bado miguuni, karatasi ya zahanati mkononi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akaniwekea kiti.

"Pole, Bibi. Pole sana."

"Pole siitaki. Mrudishe mtoto afanye mtihani."

"Majina yalikwisha kwenda. Bahasha zinakuja zimefungwa, kila mtoto na namba yake. Yeye hana namba."

"Andika barua. Sema tulikosea."

Akavua miwani. "Nani alikosea?"

"Mimi. Andika mimi. Nitaweka sahihi kama nilivyoweka ile."

"Wao hawakujui wewe, Bibi. Wataniuliza mimi. Wataniuliza nimemfukuza mtoto kwa cheti cha daktari gani. Nitasema kwa mkono wa nani? Wenzangu wanapunguzwa kazini kila mwezi kwa makosa madogo kuliko hili. Nina watoto sita."

"Mimi ninaye mmoja. Na maji ya nyumba yako ndiyo yaliyomuumiza."

Alisimama, akaenda dirishani, akasema niende kwa mratibu wa elimu wa kata, yeye ana uwezo. Nilikwenda kwa miguu siku hiyo hiyo. Mratibu alikuwa kwenye semina ya wasimamizi wa mtihani, harudi mpaka mtihani uishe. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoiona wenyewe wakihama.

Siku ya mtihani nilimwamsha mapema. Nilimwambia avae sare. Hakutaka. Nikamlazimisha, ndivyo nilivyo. Nilimfunga mkanda mwenyewe, ukazunguka mara mbili kwa jinsi alivyokonda, na tumbo limetokeza juu yake. Tulipofika, watoto walikuwa wanaingia darasani mmoja mmoja kwa kuitwa. Msimamizi alikuwa mwalimu wa kike, mgeni, ametoka shule nyingine. Alipita kwenye orodha kwa kidole, akarudia kutoka juu.

"Jina lako halipo, binti."

"Lilikuwapo," nikasema. "Lilifutwa kwa makosa. Karatasi hii hapa ya muuguzi."

Aliichukua, akaisoma. Niliona uso wake umebadilika. Akatazama orodha, akatazama mlango, akahesabu madawati kwa macho kana kwamba moja litaongezeka. Ndani watoto walikuwa wameshika kalamu, wanasubiri, wamegeuza shingo kututazama.

"Sina karatasi ya ziada ya mtihani," akasema. "Nisamehe. Hata ningetaka, sina."

Nikaanza kupaza sauti. Sijui nilisema nini, nilisema mengi, ya Kiswahili yakaisha nikaingia Kisukuma. Mjukuu wangu ndiye aliyenishika mkono.

"Bibi, tuondoke. Tunawasumbua wanaofanya mtihani."

Tukaondoka. Kengele ililia tukiwa bado uwanjani.

Matokeo yalipotoka, waliochaguliwa shuleni kwetu walikuwa wavulana wawili. Mmoja wao alikuwa akija nyumbani kwangu jioni kufundishwa hesabu na mjukuu wangu. Watu walisema, mnaona, wasichana wa huku hawana vichwa. Nililisikia gulioni, kwa muuza chumvi. Niliweka kikapu changu chini nikamweleza muuza chumvi habari yote, tangu mwanzo, na jina langu ndani yake. Alinipimia chumvi bila kunitazama.

Kurudia darasa kulikuwa kumekatazwa. Kulikuwa na njia za uchochoro, kila mtu anazijua, mtoto anahamia shule ya mbali na kuchukua jina la msichana aliyeacha shule akaolewa. Nilimtafutia jina hilo, nikalipata. Alikataa. Alisema, "Nikifaulu, atakuwa amefaulu huyo mwingine."

Dawa alizipata, damu ikaacha. Bandama haikurudi kuwa kama zamani. Daktari wa mjini alisema asibebe mizigo mizito na asipigwe upande wa kushoto. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kumpiga.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu alinitumia salamu, siku ya kupima imefika. Nilikwenda. Wasichana walikuwa wamepangwa, kiti kimewekwa. Nilibaki nimesimama. Nikasema, lete na wavulana, na wale wenye magari ya samaki, wapangwe hapa kwanza niwaulize wamelala wapi. Yeye akacheka, walimu wakacheka, wasichana wawili watatu nao wakacheka kwa sababu walimu wamecheka. Nikaenda nyumbani. Wiki ile ile alipatikana mama mwingine, mdogo kuliko mimi, mwenye kisanduku kama changu. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, na wasichana waliendelea kuchota maji.

Mjukuu wangu alibaki nami, akawa anaanika dagaa. Hajawahi kunivunjia heshima. Kila asubuhi ni shikamoo, kila jioni chakula changu kipo. Barua za majirani aliacha kuzisoma. Wakizileta huwaambia wanipe mimi, nami ninazisoma pole pole mpaka wanachoka.

Miaka ikapita, akapata mume, mtu mtulivu. Siku moja alikuja kunisalimu, nikaona kanga imefungwa juu kidogo kuliko kawaida. Nikamtazama mwendo. Nikamuuliza ni miezi mingapi.

"Sita."

"Sita! Na mimi hapa ni nani? Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa anachambua mchele wangu. Hakuacha kuchambua.

"Nilikwenda kwanza mjini, Bibi, nikapimwe," akasema. "Nilitaka kuwa na hakika."

Alijifungulia huko huko mjini, ng'ambo ya ziwa. Mimi niliambiwa baada ya siku tatu kwamba ni msichana.